Utumbo wa Kondoo

Saa kumi na moja alfajiri, kichinjioni Mamboleo,
nagonga muhuri wa zambarau kwenye paja la ng'ombe:
huyu aliwe. Yule azikwe.
Kazi ya serikali ikiisha, namwomba Obare
matumbo ya kondoo, marefu, yasiyoguswa na ncha ya kisu.
"Daktari, haya nyumbani mnayala kwa ugali?"
Hapana, Obare. Tunayasikiliza.

Ndoo saba za maji, ya nane ya magadi.
Nakwaruza kwa mgongo wa kijiko
mpaka kibaki kitu chembamba kama ukungu uliokunjwa,
nasokota, natungika baina ya nguzo ya stoo na mpapai,
na Adikinyi anafunga madirisha yote, anauliza
kama hao Wazungu wa kale
hawakuwa na majirani.

Tuko wanne.
Muhonja hupima maji ya manispaa, hupiga fidla ya kwanza,
na hajapata kulisamehe neno "takriban".
Sohal wa duka la vipuri ni fidla ya pili.
Nyaboke hufundisha hesabu. Selo yake haina mguu wa chuma,
ndivyo zilivyokuwa enzi hizo, basi huibana
kwa mashavu ya miguu
kama mtu anayezuia mbuzi kwenye josho.
Viola ni yangu.

Siku ya kwanza Sohal aliuliza huu ni muziki gani.
Tarbia, nikasema. Mishororo minne,
na kila mmoja unajidhania kituo.
Akacheka, akauliza tena: na chuma je?
Nyuzi za chuma zinauzwa, hazinuki, hazikatiki.
Chuma hung'aa papo hapo, nikamwambia.
Utumbo hukwaruza kwanza,
kama shahidi anayekohoa kabla ya kiapo,
ndipo useme. Na usemapo, hausemi na ukumbi mzima.
Unasema na aliyekaa karibu.

Basi Jumamosi moja ya Aprili, ukumbi wa kanisa, Milimani.
Watu ishirini na watatu, tukimhesabu bawabu.
Ziwa lilikuwa limepumua juu ya mji tangu adhuhuri;
nyuzi zikanywa ule mvuke, moja ikapanda, nyingine ikashuka,
tukakaza, tukalegeza, tukakaza,
mtoto mmoja akapiga makofi akidhani ndio wimbo.

Sehemu ya kwanza ilikwenda. Ya pili ni ya polepole.
Hapo ndipo mvua ilipoanza kudondoka kwenye mabati,
tone, tone, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani,
na uzi wangu wa juu ukakatika.
Haukulia. Ulisema *tep*,
ukanipiga kidevuni kwa mkia wake.

Wenzangu hawakusimama.
Muhonja alinitazama kama anavyotazama kipimo kibaya
akaendelea. Sohal akaendelea. Nyaboke, macho yamefungwa,
akaendelea, naye alikuwa akiniachia nafasi yangu
pale pale, upana ule ule,
kama unavyosukuma sahani ya asiyefika
bila kuiondoa mezani.
Nikakaa na upinde magotini.
Mistari kumi na miwili, nilihesabu.
Kisha nikapanda na uzi wa pili, juu sana shingoni,
mahali pasipo na heshima, nikaingia.

Baadaye bawabu, Wekhomo, akinisaidia kubeba viti:
"Mwanzo niliona wanne nikasikia watatu.
Ulipokatikiwa ndipo nikajua wewe hufanya nini."
Sikupata la kumjibu. Mvua ilikuwa imeshika sawasawa,
na viti vilikuwa vingi kuliko watu.

Jumatatu. Muhuri, wino, paja.
Huyu aliwe.
Obare anainua kitu kirefu chenye kumeta, kinachotoa mvuke,
anauliza kwa kichwa tu.
Naonyesha vidole viwili.
Halafu, nikikumbuka Aprili bado ina wiki tatu,
naongeza cha tatu.